Ng'ombe wa Mzee Wambura Gazetini

Nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Morotonga kila Jumamosi na vishikwambi vyenu, mmeniuliza mara nyingi kale kaalama ninakoweka chini ya katuni zangu badala ya jina ni kitu gani. Mmoja wenu anasema ni jani la mhogo lililotafunwa na panzi. Mwingine anasema samaki. Zamani msomaji mmoja aliandika barua gazetini kumsifu "njiwa wa amani" wangu, na mhariri wetu akanisihi nisimsahihishe kwa sababu wasomaji wa kutusifu walikuwa wachache. Leo nitawaambia. Lakini kaeni vizuri, maana siwezi kukaeleza hako kaalama bila kueleza jinsi nilivyomharibia jina mtu aliyenifundisha kuchora.

Kwanza niseme mambo ya kazi, kwa sababu mama wa mmoja wenu amenilalamikia kwamba mnakuja kusikiliza hadithi tu. Mkimchora kiongozi, msianze na uso. Anzeni na viatu. Uso wa mheshimiwa unabadilika kila uchaguzi, leo anacheka, kesho amekunja ndita, na mkimfuata mtachoka. Viatu vyake vinasema alikotoka asubuhi hiyo. Aliyeshuka kwenye gari akapanda jukwaani moja kwa moja hana vumbi, hata kama kwenye hotuba anasema amezunguka vijiji vyote kwa miguu. Kuna mkubwa mmoja nilimchora kuanzia magotini kwenda chini, sikuandika neno, na ofisi nzima wakamtaja jina.

Halafu punguzeni maneno. Mhariri wetu pale Mwanza, ambako nilifanya kazi karibu maisha yangu yote, alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti na mkali wa mkasi. "Ghati," alikuwa akiniambia, "picha ikihitaji maelezo, basi kaandike kitabu." Alijua Kiswahili, alijua sheria, alijua ni mstari upi utatupeleka mahakamani na upi utatufikisha mlangoni tu. Kitu kimoja hakukijua, nacho ni ng'ombe. Ng'ombe alimzoea akiwa kwenye sahani. Nitarudi hapo.

Wasomaji wengi hawakujua kwamba Ghati ni jina la kike, wakadhani mimi ni mwanaume. Barua zilikuja za "Bwana Mchoraji", nyingine zikitaka kunipiga, na moja ikinitaka nimwoe binti wa mwandishi kwa kuwa nina kichwa kizuri. Wagombea walikuwa wakija ofisini wamefura, wanamuulizia yule bwana aliyewachora tumbo. Mimi nawapokea, nawapa kiti, nawaambia bwana ametoka. Wengine nilikaa nao hata nusu saa, na wao hawakujua kwamba wakati huo wote nilikuwa nasoma viatu vyao.

Vifaa vyetu havikuwa na huruma. Tulichorea kalamu ya nibu na wino mweusi wa chupa. Nikija likizo nilikuwa nafika mpaka Sirari kununua wino kwa mama mmoja wa upande wa pili wa mpaka. "Madam, hii ndio ile ya maofisa, haiwezi kukuangusha," ananiambia, na kweli haikuniangusha ila siku moja. Siku hiyo tone lilidondoka kwenye paji la uso la mgombea niliyekuwa namalizia, na gari la kiwanda cha uchapaji limeshawasha injini. Nikalitia miguu sita na mabawa, likawa nzi. Kesho yake watu wakaanza kuuliza yule nzi maana yake nini. Mchambuzi mmoja wa redio akaieleza vizuri sana, kwa dakika nyingi, mpaka na mimi nikaelewa. Nilicheka siku nzima. Nilipaswa kuogopa, kwa sababu hapo nilikuwa nimeonyeshwa kwamba msomaji anasoma hata kile ambacho hukukiandika.

Sasa turudi Kenyamonta, nilikozaliwa. Baba yangu aliumwa mgongo nikiwa darasa la tatu. Kaka sikuwa naye, kwa hiyo kila nikitoka shule ng'ombe wetu watatu walikuwa juu yangu, na pamoja nao kundi zima la jirani yetu, Mzee Wambura. Huyu alikuwa mfupi, mtu wa kujipenda, kofia haitoki kichwani hata akila, na ng'ombe wake aliwasifia mbele za watu kuliko alivyowasifia watoto wake. Nilimwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu kwetu, na hakuwahi kunikataza.

Ng'ombe akipotea, Mzee Wambura alikuwa ananiita mimi. Vijana wa kufuata nyayo wamesimama tayari na marungu, na mimi napiga magoti kwenye vumbi na kijiti, nawachorea ng'ombe wanayemtafuta: pembe zimekaaje, baka liko ubavu upi. Zile ndizo katuni zangu za kwanza. Siku ya kwanza kabisa nilichora nikajiona nimeweza. Mzee akainama, akaangalia, akafuta kichwa chote kwa katambuga lake, kile kiatu cha tairi.

"Huyu ni wa nani?"

"Wako, Tata."

"Wangu yuko wapi hapa? Hana masikio huyu. Hii umechora nyama."

Ninyi mliozaliwa mjini Mugumu huenda hamjui. Kwetu kila mji, yaani kila boma, ulikuwa na mkato wake wa masikio. Ndama anakatwa angali mdogo, na mkato ule ndio unaosema mwenye mali ni nani, hata ng'ombe akikutwa mbali akiwa katikati ya kundi la watu wengine. Mkato wa Mzee Wambura ulikuwa hivi: sikio la kulia limepasuliwa ncha katikati, na sikio la kushoto limetolewa kipande kidogo upande wa chini. Alinisimamia nikachora masikio yale mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Tangu siku hiyo mkono wangu haukumchora tena ng'ombe asiye na mkato.

Miaka ikapita mingi, mimi niko Mwanza na jina langu liko gazetini. Kule kwetu likajengwa josho la kuogeshea mifugo. Mheshimiwa mmoja akaja kulifungua kwa utepe, ngoma na pilau, akapigwa picha, akaondoka. Dawa ya kuweka kwenye josho haikuletwa. Miezi ikawa inakwenda, ng'ombe wanapita kando ya josho kavu na kupe wao. Habari ile ilinifikia ofisini na nikaona hii ni ya kwangu. Nisichokijua ni kwamba mwenyekiti wa kamati ya josho alikuwa Mzee Wambura, na kwamba ni yeye aliyekuwa akimfuata mheshimiwa kila wiki kuulizia dawa, na kila wiki akiambiwa yuko kikaoni.

Nikamchora mheshimiwa amejilaza ndani ya josho, povu limefika kifuani, kofia ya kuogea kichwani. Ng'ombe wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja na taulo begani. Wa mbele ameshika brashi, anamsugua mheshimiwa mgongo huku anacheka. Chini nikaandika: "Subirini zamu yenu." Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Mwanza walicheka, na nilisikia Dar es Salaam pia walicheka.

Kenyamonta hawakucheka. Gazeti lilifika Mugumu kwa basi, likapandishwa kijijini, likapita mkono kwa mkono. Na watu wa kule, vijana wangu, hawaanzi na uso wala hawaanzi na viatu. Wanaanza na masikio. Ng'ombe anayemsugua mheshimiwa mgongo, tena kwa furaha, sikio la kulia limepasuliwa ncha, la kushoto limetolewa kipande chini. Ni wa Mzee Wambura. Na aliyechora ni Ghati, aliyekulia malishoni mwake, anayejua ya ndani ya mji ule. Basi ikaeleweka kwamba Wambura ndiye aliyelipokea josho bila dawa, yeye na mheshimiwa ni kitu kimoja, na zile safari zake za kila wiki zilikuwa za kuoga pamoja.

Aliyenipigia simu ni mke wake, Sabina, ambaye mimi nilimwita Mama Sabina. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka.

"Ghati, umetufanya nini?"

"Mama, nimefanya nini mimi?"

"Mzee wameshamwita kwenye ritongo. Jumamosi ijayo. Na wewe unaitwa."

Ritongo ni kikao cha watu wa kwetu, ambapo mtu anasikilizwa na kuamuliwa na wale wale anaoishi nao. Hakuna jela pale. Lakini wakikuona una kosa la namna hiyo, hakuna atakayekukabidhi ndama umtunzie, hakuna atakayekuita kwenye pombe, na ukipita watu wanakumbuka wana safari. Kwa mtu wa umri wa Mzee Wambura, aliyeishi kwa kusifiwa, hiyo ni kuzikwa angali anapumua. Nikalichukua gazeti, nikamtazama ng'ombe wangu wa mbele, nikayaona masikio. Nikalipeleka kwa mhariri.

Mhariri alinionea huruma, ingawa alikuwa hajaelewa kosa liko wapi. "Sikio ni sikio, Ghati," aliniambia. Hata hivyo akaweka masahihisho: masikio ya ng'ombe katika katuni yetu hayakukusudiwa kuwa ya mtu yeyote. Yalikaa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Kenyamonta wakayasoma, wakasema sasa hata masikio anayakana.

Nyie mna kile kitufe cha kurudisha nyuma mkikosea mstari. Ni kitufe kizuri, nimekipenda. Lakini hakirudishi gazeti likishafika Kenyamonta, na siku hizi picha inafika kwenye simu ya kijijini kabla mhariri hajamaliza kucheka.

Jumamosi ile tulikutana palepale kwenye josho, watu wamekaa kwenye ukingo wa saruji kwa kuwa haukuwa na kazi nyingine. Mzee Wambura alikuwa kwenye kigoda chake, kofia kichwani. Nikasema, "Shikamoo, Tata." Akasema "Marahaba" akiangalia chini. Hakuwahi kuniitikia hivyo tangu nizaliwe, na iliniuma kuliko matusi yote niliyowahi kuandikiwa.

Mzee aliyeongoza kikao akafungua gazeti. "Ghati, hii umechora wewe?"

"Ni mimi."

"Masikio haya ya nani?"

"Ya Mzee Wambura."

Watu wakaguna. "Alikutuma nani?"

"Hakuna aliyenituma, wazee wangu. Mkono ulichora wenyewe. Sikujua."

Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekaa nyuma, mwembamba, fimbo mabegani, akauliza, "Kwani mkono wako huwa unatembea bila wewe?" Wakacheka. Na mimi ningecheka kama swali lingekuwa la mtu mwingine.

Nilieleza yote, vumbi, kijiti, katambuga, na nikaona nyuso hazibadiliki. Maneno mengi, kama mhariri alivyokuwa akisema. Ndipo Mama Sabina akasimama huko walikokaa akina mama. "Wazee, kabla hamjaamua njooni kwangu muone ukuta."

"Sabina, kaa chini," akasema Mzee Wambura.

"Nimekaa siku zote," akasema. "Leo nimesimama."

Tukamfuata. Mnajua jinsi watu wanavyobandika magazeti ukutani ili udongo usimwagike kwenye vyombo. Ukuta wa sebule ya Mzee Wambura ulikuwa umebandikwa kuanzia chini hadi kwenye mbao za paa, ila haukuwa wa magazeti yoyote tu. Zilikuwa katuni zangu, na zile tu zilizokuwa na ng'ombe. Ng'ombe wa bei ya mbolea. Ng'ombe anayepiga kura. Ng'ombe aliyembeba mgombea akavuka naye mto, halafu akamwacha katikati. Miaka yangu yote ya kazi, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa uji wa unga. Na kila ng'ombe, sikio la kulia limepasuliwa ncha, la kushoto limetolewa kipande chini. Hata mmoja sikuwa nimemkosea.

Wazee wakapita mbele ya ukuta mikono nyuma, wakisogeza pua kwenye masikio, hawana haraka. Yule mchungaji mwembamba akasimama mbele ya ng'ombe mmoja anayempiga teke mheshimiwa, tena mheshimiwa huyohuyo wa josho. "Wazee, hapa ng'ombe wa Wambura kampiga teke mkubwa. Hapa napo alitumwa na nani?" Mtu akaanza kucheka, na chumba kizima kikafuata. Mzee wa kikao akakunja gazeti. "Huyu mtoto hajui sikio lingine," akasema. "Tumeacha. Wambura, samahani. Sasa tuongelee dawa."

Wakatoka, mimi nikabaki. Mzee Wambura alikuwa amekaa kwenye benchi na hakuwa amecheka na wenzake. Nikakaa kando yake, nikamuuliza kwa nini hakuwaonyesha ukuta ule tangu mwanzo, badala ya kukubali kuitwa mbele za watu.

"Kila nikimwona ng'ombe wangu gazetini nilikuwa najua ni salamu," akasema. "Namwambia Sabina, Ghati huyo ananisalimia, hajanisahau. Sasa na hii ya josho nikajua ni yako, kuna kitu unaniambia. Wiki mbili nakaa hapa najiuliza nimekosa nini. Ningewaonyesha ukuta niseme nini? Kwamba zile zote unanisema mimi, ila hii hunisemi?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Ningemwambia zile zote zilikuwa salamu, ila hii moja mkono uliteleza, na angeniamini kwa furaha. Lakini muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye josho nikiapa kwamba sikujua, na yeye alikuwa amesikia.

"Tata, sikujua," nikasema. "Hata moja."

Akatazama ukuta. "Hata huyu wa teke?"

"Hata huyo."

"Basi nimekuwa najisalimia mwenyewe," akasema, akainuka akaenda kuangalia ndama.

Nililia kwenye basi kutoka Mugumu mpaka abiria wa jirani akanipa pole ya msiba. Nilimsafisha jina na kwa siku hiyohiyo nikamnyang'anya kitu alichokibandika ukutani miaka yote, na sikujua kipi kizito zaidi.

Nilipofika Mwanza nikachora ng'ombe. Hakukuwa na mheshimiwa, maneno wala kichekesho, ni ng'ombe tu amesimama anamtazama anayemtazama. Nimechora mabunge mazima kwa saa mbili, lakini ng'ombe yule alinichukua siku nne. Mhariri akaniuliza utani uko wapi. Nikamwambia utani ni mimi. Akanitazama, akauweka mkasi chini, na akamchapa ng'ombe mzima bila kumpunguza.

Ile karatasi yenyewe niliipeleka kwa mkono wangu. Mzee Wambura akavaa miwani, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasogeza pua kwenye masikio. 

"La kushoto umekata juu," akasema. "Langu linakatwa chini."

Nikatazama. Kweli. Miaka yote mkono haukuwahi kukosea, na siku ya kwanza nilipomchora kwa kumfikiria yeye, nikakosea. Nilitaka kucheka na nilitaka kujificha. Nikatoa kalamu nirekebishe, akanishika mkono.

"Acha. Mkato huo huku kwetu hauna mwenyewe, nawajua wote. Huyu si wangu. Huyu ni wako."

"Tata, mimi sina ng'ombe hata mmoja."

"Si unaye huyo."

Akamwita Mama Sabina alete uji wa unga. Akambandika juu ya mlango, peke yake, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka kofia sawa. "Sasa hii ndiyo salamu," akasema, na baada ya hapo akaanza kumweleza mkewe, mbele yangu, makosa mengine manne niliyoyafanya kwenye kwato.

Wiki hiyohiyo niliacha kuandika jina chini ya katuni zangu. Kile mnachokiona si jani, wala samaki, wala njiwa. Ni sikio la kushoto la ng'ombe, limetolewa kipande upande wa juu. Mzee Wambura ametutoka siku nyingi, na ukuta ule mvua ilishauchukua.

Haya, fungueni vishikwambi vyenu. Nataka kila mmoja anichoree ng'ombe, na nikipita nyuma yenu nijue ni wa nani.